Tupeane uzoefu: ulivukaje Kuzimu katika Kid Icarus?

Mpanda Menengai, Nakuru

Hamjambo wapenzi wa gemu za zamani. Nimefungua uzi huu kwa sababu nimekwama, na kwa sababu naamini wapo wengi waliokwama papo hapo, wakauacha mchezo huu kabla haujawaonyesha uzuri wake. Wiki tatu zilizopita binamu yangu aliniachia mashine yake ya gemu, Nintendo Switch, alipokuwa akisafiri, na miongoni mwa michezo ya kale wanayopewa wanaolipia huduma ya mtandaoni nikaikuta Kid Icarus, ambayo Nintendo waliitoa Japani mwezi wa Desemba 1986 na kuifikisha Marekani mwaka wa 1987.

Kwa wasioujua: unamwongoza Pit, malaika mdogo mwenye upinde, ambaye ana mabawa lakini hayana nguvu ya kumwinua. Medusa amemfunga mungu wa kike Palutena, amejitwalia hazina tatu takatifu na kuwageuza askari wa Palutena kuwa mawe. Pit anatoroka gerezani katika vilindi vya Kuzimu na kuanza kupanda. Hatua tatu za kwanza zote ni kupanda, na hapo ndipo taabu yangu ilipo, kwa sababu picha hufuata juu tu na haishuki. Jiwe ulilolikanyaga sekunde chache zilizopita likishapotea chini ya ukingo wa skrini, huko ni shimo, na ukirudi nyuma umekufa. Hakuna maisha ya akiba. Unaanza hatua nzima upya. Jumamosi nilianguka mara kumi na moja katika hatua ya kwanza, na mara tisa kati ya hizo hakukuwa na adui aliyenigusa.

Ninachoomba ni hadithi za mikono yenu wenyewe. Mlianzaje, na ni jambo gani ambalo mngependa kuambiwa katika saa ile ya kwanza?

Mzee wa Kondele, Kisumu

Mdogo wangu, umenikumbusha mbali. Mimi nilianza mwaka wa 1993, mjomba wangu aliporudi kutoka Marekani na NES, mashine ya gemu ya zamani ya Nintendo, pamoja na kaseti tatu, mojawapo ikiwa hii. Mashine ile ilitengenezewa stima ya volti 120 na sisi tuna 240, kwa hiyo kwanza ilibidi itafutwe transfoma ya kupunguza umeme, na hata baada ya kuipata, runinga yetu haikuielewa rangi ya Kimarekani. Nilicheza Kuzimu yote kwa rangi nyeusi na nyeupe. Miaka mingi baadaye nilipoiona kwa rangi zake halisi, nilikaa kimya kwa muda, kwa sababu niliijua kila pembe ya mahali pale lakini sikuwahi kuyaona matofali yake yalivyo.

Sasa nikujibu. Katika zile mara tisa ulizoanguka bila kuguswa, nina hakika kadhaa zilitokana na kuinama. Ukibonyeza chini, Pit huchutama, na hilo ni jema unapokwepa kitu kinachopita kichwani. Lakini ukifanya hivyo ukiwa juu ya ubao mwembamba, anapenya na kushuka. Mimi nilidhani kaseti imeharibika. Nilikuwa nikimwona nyoka akija, nikibonyeza chini kwa hofu, na Pit akizama kama jiwe lililotupwa ziwani. Kwa hiyo jifunze kutofautisha: juu ya jiwe nene chutama upendavyo, juu ya ubao mwembamba usiguse kabisa kitufe cha chini, bali ruka au piga mshale.

La pili ni kwamba usikimbilie juu. Sisi watoto tulidhani anayefika juu haraka ndiye hodari. Wale nyoka wanaodondoka kutoka juu huja kwa makundi, na kila ukimpiga mmoja anaacha moyo. Mioyo ile haikuongezei uhai, ni fedha. Moyo mdogo ni moja, ule wa kati ni tano na mkubwa ni kumi. Simama mahali palipo imara, elekeza upinde juu, waache waje. Anayepanda bila mioyo anafika dukani mikono mitupu, na katika mchezo huu umaskini wa mapema unakufuata hadi mbali.

Binti Shinyalu, Kakamega

Nitasema kwa ufupi, kwa sababu mzee ameshasema mengi. Nilipoanza, miaka minne iliyopita, sikujua kwamba katika hatua za kupanda ukitoka nje ya skrini upande wa kushoto unatokea upande wa kulia. Kuna mahali nilipokuwa nikiruka pengo pana tena na tena bila kulifikia, jioni nzima, hadi kidole gumba kikaniuma. Siku iliyofuata niliteleza kwa bahati mbaya kuelekea ukingoni, nikamwona Pit ametokea upande wa pili, juu ya ubao uleule niliokuwa nikiutafuta. Tangu hapo, kabla ya kuruka pengo lolote, ninaangalia kwanza kama upande wa nyuma ni wa karibu zaidi.

Muuza Mitumba wa Kibuye, Kisumu

Mimi ninataka kuzungumzia milango, kwa sababu naona wengi huipita wakidhani ni pambo la ukutani. Kila mlango unaouona ingia, isipokuwa kama uko hoi. Mingine ni maduka, mingine ina chemchemi ya maji moto inayokurudishia nguvu, mingine ina maadui wengi kwa pamoja, na mingine ni vyumba ambamo mungu mkuu hukutia katika majaribio. Katika jaribio hilo vitu hurushwa kutoka kila upande na kazi yako ni kuvumilia mpaka viishe. Ukifaulu unachagua silaha moja kati ya tatu, ambazo ni upinde mtakatifu unaofikisha mishale mbali, mishale ya moto, na fuwele za kukuzunguka na kukukinga. Ushauri wangu kwa anayeanza ni upinde. Mshale wa kawaida wa Pit ni mfupi mno, na vifo vingi vya mwanzo hutokana na kumsogelea adui kupita kiasi ili mshale umfikie.

Dukani, ukiwa na mioyo ya kununua kitu kimoja tu, nunua unyoya. Unyoya huo hukuokoa pale unapotumbukia shimoni, na nyote mmeshasema kwamba Kuzimu huua zaidi kwa kuanguka kuliko kwa meno. Maji ya uzima pia ni mazuri, kwani hukuinua nguvu zinapokwisha, lakini hayakusaidii chochote ukitumbukia.

Kuna jambo lililonifurahisha kuliko yote. Katika mashine ya zamani, ukishika padi ya pili ukiwa dukani na kubonyeza vitufe A na B kwa pamoja, unaweza kupatana bei. Kule Japani padi ya pili ilikuwa na maikrofoni, na mchezaji alisema kwa sauti. Muuzaji anaweza kushusha, na anaweza pia kukasirika akapandisha. Mimi nimekulia sokoni nikimsaidia mama, nikimwona mteja anayeanza kwa kutaja nusu ya bei na yule anayeuliza hali kwanza, na nilipogundua kwamba watu waliotengeneza gemu miaka ile waliweka mapatano ya bei ndani yake, niliipenda kwa namna ambayo siwezi kuieleza vizuri.

Kuhusu chumba chenye mitungi minane, vunja mmoja mmoja na ujue pa kuacha. Katika mmojawapo amejificha mungu wa umaskini, na ukimfungulia unapoteza yote uliyookota chumbani humo. Ukishapata kitu unachokihitaji, chukua, toka.

Mpanda Menengai, Nakuru

Asanteni sana. Nimejaribu jambo la kuinama leo asubuhi, na mzee ana haki kabisa: nilikuwa nikijitumbukiza mwenyewe. Nimevuka hatua ya kwanza kwa mara ya kwanza. Swali langu sasa ni kuhusu yule mtu mwenye joho na mundu anayetembea huku na huko. Akiniona tu anapagawa, muziki unabadilika, na vidude vidogo vinaruka kunishambulia.

Mzee wa Kondele, Kisumu

Huyo usimkabili uso kwa uso. Subiri kwenye ngazi ya chini hadi akupe mgongo, panda, mpige haraka, na akianza kugeuka shuka. Akikuona wale wadogo wanakuja, na wao ndio wanaokumaliza. Mimi huhesabu hatua zake kabla ya kupanda. Ukishindwa kumuua, mpite.

Mwalimu wa Fasihi, Bungoma

Ninafundisha fasihi simulizi, na nilianza mchezo huu kwa sababu ya jina lake. Nilitarajia kumkuta Icarus, kijana aliyetengenezewa mabawa ya nta na babake Daedalus, akaruka karibu mno na jua hadi nta ikayeyuka. Hayumo. Shujaa anaitwa Pit, na watunzi walichukua vipande vya visasili vya Kigiriki wakavishona upya kwa namna yao. Medusa ndiye yuleyule ambaye macho yake hugeuza watu kuwa mawe, na katika kisasili Perseus alimshinda kwa kumtazama katika ngao inayong'aa. Ndiyo maana mojawapo ya hazina tatu za Pit ni ngao ya kioo, pamoja na mshale wa nuru na mabawa ya Pegasus. Mlinzi wa ngome ya kwanza, ile inayofuata hatua tatu za kupanda, ni mbwa mkubwa mwenye vichwa viwili, jamaa wa mbwa Orthrus wa Wagiriki. Ukivijua visasili hivyo, unaanza kuona kila adui kama jina ulilowahi kulisikia likitamkwa kwa lafudhi nyingine.

Wale askari waliogeuzwa mawe ndio walionigusa zaidi. Wamesimama ndani ya ngome, kimya, na ukiwa umenunua nyundo katika hatua za kabla unaweza kuwavunjia jiwe. Baadaye wanakuja kukusaidia kupigana na mlinzi. Wanafunzi wangu niliowaonyesha jambo hilo walimtaja mara moja Luanda Magere, shujaa wa Waluo ambaye mwili wake ulikuwa wa jiwe na mikuki haikumwingia, hadi adui alipojua siri na kukichoma kivuli chake. Tulizungumza kipindi kizima: kwa Mgiriki jiwe ni adhabu, kwa Mluo jiwe lilikuwa nguvu. Basi, ndugu yangu wa Nakuru, usiingie ngomeni bila nyundo. Nilivyofanya mimi mara ya kwanza ni kupita mbele ya askari wote wale bila uwezo wa kumfungua hata mmoja, na nilipofika kwa mbwa nilikuwa peke yangu.

Mkazi wa Langa Langa, Nakuru

Ngome ni mahali tofauti kabisa. Huko hakuna kupanda. Ni vyumba vinavyounganika kama mtaa usio na majina ya njia, na mimi nilipotea kwa saa mbili. Kuna ramani, lakini ramani tupu haikuambii ulipo, kwa hiyo tafuta penseli inayotia alama vyumba ulivyopita na mwenge unaokuonyesha ulipo. Kabla sijajua hayo, nilichora vyumba vyangu kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari la mtoto wangu.

Halafu yupo mchawi wa biringanya. Akikupiga na biringanya anayoirusha, Pit anageuka biringanya yenye miguu, na hawezi kupiga mshale. Dawa ni moja tu, kufika hospitalini, chumba kimoja ndani ya ngome ambamo muuguzi atakurudishia umbo lako. Kwa hiyo kazi ya kwanza ngomeni ni kujua hospitali iko wapi kabla hujamtafuta mlinzi.

Na jambo la nywila, ile ya kuendelea ulipoishia. Kwa wanaotumia mashine ya zamani, ni herufi 24 katika mafungu manne ya sita, zikiwemo kubwa, ndogo na tarakimu. Stima ilipotea nikiwa nimefika mbali, na niliporudi na karatasi yangu, nywila ilikataliwa, kwa sababu niliandika sifuri mahali palipokuwa na herufi O. Siku hizi ninaikata sifuri kwa mstari.

Binti Shinyalu, Kakamega

Anayecheza kwenye Switch hahitaji karatasi, kwani anaweza kuhifadhi popote na hata kurudisha mchezo nyuma sekunde chache. Mimi naona anayeanza autumie uwezo huo bila haya, hasa Kuzimu, maana huko ndiko kugumu kuliko kote. Nguvu zikishaongezeka na silaha zikipatikana, hatua za mbele zinakuwa nyepesi zaidi, na ni huzuni mtu kuishia mlangoni.

Mzee wa Kondele, Kisumu

Dada, hapo tunatofautiana kidogo. Kuhifadhi sawa, kwa sababu mtu ana kazi na familia. Lakini akirudisha nyuma kila anapoanguka, mikono haijifunzi pengo lile, na ngomeni itamwadhibu.

Mpanda Menengai, Nakuru

Nimefuata njia ya kati: ninahifadhi mwanzoni mwa kila hatua, na sirudishi nyuma. Jana usiku nilivuka hatua ya tatu. Nina unyoya mmoja, upinde mtakatifu, na nyundo mbili, ambazo nilizinunua badala ya maji ya uzima kwa ajili ya yale aliyoandika mwalimu. Niliingia ngomeni, chumba cha nne nikakutana na mchawi, na nikageuka biringanya. Nilitembea vyumba saba nikiwa vile, nikirukaruka juu ya vichwa vya maadui bila mshale, nimebakiwa na kipande kimoja cha uhai, na chumba kilichofuata kikawa hospitali. Niliweka padi mezani, nikaenda kumwita mke wangu aje aone. Muuguzi alipomrudisha Pit katika umbo lake, sote wawili tulipiga makofi. Askari wa kwanza wa jiwe yuko chumba cha pili kutoka hapo, nimeshamwona. Leo jioni ninaenda kumfungua.