Naomba ushauri: napataje maneno ya Kiingereza ya herufi 7 yenye Q na Z?

Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Napenda sana Scrabble (mchezo wa kuunda maneno kwa vigae vya herufi), na Q na Z kila moja ina pointi 10 halafu ukishusha vigae vyote 7 kwa mpigo unaongezewa 50, sasa mi nataka listi ya maneno ya herufi 7 tu yenye zote mbili. Mpaka sasa ninayo squeeze, quetzal na quizzes, ila hilo la mwisho gumu maana kigae cha Z ni kimoja tu kwenye mchezo, labda upate kigae kitupu (kinachosimama badala ya herufi yoyote). Kupekua kamusi nzima ni kazi kweli, Q yenyewe haikai mwanzoni kila mara. Nina faili la maneno kwenye kompyuta, nalichujaje kwa urefu na herufi kwa pamoja, popote zilipokaa? Excel inaweza? Anayejua anielekeze hatua kwa hatua tafadhali.