Wafalme wa Mysore na Bengaluru ya leo: mchango wao ni upi khasa?

Bweleo Kwetu

Assalaam alaykum wanajukwaa. Tangu IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, ifungue kampasi yake hapa Bweleo mwaka 2023, kila mazungumzo ya teknolojia hayamaliziki bila kutajwa Bengaluru, mji wa kusini mwa India. Wengi wanasema mji ule umeinuliwa na makampuni ya programu kuanzia miaka ya 1980. Wengine wanasema tuwatazame ukoo wa Wadiyar, wafalme wa Mysore, dola ya zamani iliyoumiliki mji huo. Naomba wenye kujua watueleze: walifanya nini khasa, walianza na lipi, fedha zilitoka wapi na walikwama wapi? Unguja nasi tunatenga ardhi kwa ajili ya teknolojia, kwa hiyo sifa hazitusaidii, tunataka hesabu.

Fundi wa Mtoni

Waalaykum salaam. Anza na umeme, maana bila huo mengine yasingesimama.

Mwaka 1902 serikali ya Mysore ilimaliza kituo cha umeme wa maji Shivanasamudra, kwenye maporomoko ya mto Kaveri. Mitambo ilitoka General Electric ya Marekani. Sasa tazama umeme ule ulikwenda wapi. Haukupelekwa kasri la mfalme wala mjini, ulipelekwa kilomita kama 147 hadi machimbo ya dhahabu ya Kolar. Kwa zama zile ilikuwa miongoni mwa laini ndefu kabisa duniani. Machimbo yalikuwa ya kampuni za Kiingereza, yakiendesha pampu, winchi na vinu vya kusagia mawe kwa mvuke, na kuni na makaa ya kuchemshia maji yaligharimu fedha nyingi. Kwa hiyo Mysore ilipata mteja mmoja mkubwa, anayefanya kazi usiku na mchana, aliyefungwa kwa mkataba. Mji wa Bangalore, kama ulivyoitwa wakati ule, ulipata taa za barabarani Agosti 1905, baada ya mtambo kuwa tayari unaingiza fedha. Watu hupenda kuzisifu taa hizo, lakini kwangu mimi uamuzi mzito ni ule wa Kolar. Ukianza na taa za mji, unabeba mtambo mzima kwa wateja wanaowasha taa kwa muda wa saa nne tu kila usiku.

Kilichokwama ni mto wenyewe. Kaveri hujaa wakati wa mvua za kule, Juni hadi Septemba, kisha kiangazi hupungua sana. Maji yakipungua na umeme unapungua, ilhali machimbo yanataka nguvu ileile mwaka mzima. Ndiyo sababu mojawapo ya bwawa la Krishna Raja Sagara, lililoanza kujengwa 1911 wakati M. Visvesvaraya akiwa mhandisi mkuu: maji yazuiwe juu ya mto, kiangazi yaachiwe kwa kipimo, na mengine yamwagilie mashamba ya Mandya. Ukuta wake una urefu wa kilomita 2.6 hivi na kimo cha karibu mita 40. Ulijengwa kwa mawe na surkhi, yaani unga wa udongo uliochomwa uliochanganywa na chokaa, badala ya saruji ya kuagiza. Mafundi wanaokarabati nyumba za Mji Mkongwe kwa chokaa wanaijua tabia yake: inachelewa kukamata, lakini haipasuki ovyo ukuta unapojinyoosha kwa joto.

Serikali ya Madras, iliyokuwa upande mto unakoelekea, ililipinga bwawa, na mapatano hayakupatikana hadi 1924. Ujenzi ukaburuzwa hadi 1931. Anayejenga kwenye maji ya kushirikiana na jirani aanze na mkataba, siyo na msingi.

Jambo jingine la kitaalamu: mashine za Shivanasamudra zilizalisha umeme wa mizunguko 25 kwa sekunde. India ilipokuja kusimama kwenye 50, umeme ule haukuweza kuungwa moja kwa moja na gridi mpya bila vigeuzi.

Binti Wete

Fundi, hapo pa mteja wa usiku na mchana nataka kuongeza upande wa pili. Seva, yaani kompyuta za kuhifadhi na kugawa data, haitaki umeme mwingi tu, inataka umeme usiokatika. Unguja ilitegemea waya mmoja wa chini ya bahari kutoka Bara tangu 1980. Njia ile ilipoharibika 2008 kisiwa kilikaa gizani kama mwezi, na kuanzia Disemba 2009 ikawa miezi 3. Waya mpya uliwekwa 2013, lakini chanzo bado ni gridi ileile ya Bara.

Maalim wa Mkunazini

Ndugu Bweleo Kwetu, upande wa elimu hesabu ipo wazi zaidi.

Tajiri wa viwanda Jamsetji Tata alitaka kuanzisha chuo cha utafiti, na akatoa majumba yake ya Bombay kodi zake ziwe mfuko wa chuo. Mkemia William Ramsay aliletwa kutoka Uingereza kutafuta mahali, akapendekeza Bangalore. Lord Curzon, aliyekuwa mkuu wa serikali ya Kiingereza India, alitia shaka kama wahitimu wangepata kazi. Mysore haikusubiri shaka hiyo iishe. Ilitoa eka 371, rupia laki 5 za majengo, na rupia 50,000 kila mwaka.

Hiyo ya tatu ndiyo ya kutia alama. Ardhi hutolewa mara moja na picha zikapigwa. Mishahara ya walimu, kemikali za maabara, vipuri vya mashine na vitabu vinadaiwa kila mwaka, na vyuo vingi hufa hapo, mwaka wa tatu au wa nne, fedha za ufunguzi zikishaliwa. Amri ya kukiunda chuo hicho, Taasisi ya Sayansi ya India, ilitoka 1909, na mwaka 1911 jiwe la msingi likawekwa na wanafunzi wa kwanza wakaingia. Idara za mwanzo zilikuwa za kemia na teknolojia ya umeme. Unaona zilivyoshikana na ile laini ya Fundi: dola ina mitambo, basi inasomesha wa kuiendesha.

Tena msimtaje mfalme peke yake. Chamarajendra wa Kumi alifariki 1894, na mrithi wake, Krishnaraja wa Nne, alikuwa mtoto wa miaka 10. Dola ikashikwa na mama yake, Malkia Vani Vilas, hadi 1902. Kituo cha Shivanasamudra kilijengwa katika kipindi chake, na ahadi ya Mysore kwa mradi wa Tata nayo ilianza wakati wake. Kisha wapo mawaziri wakuu, kule wakiitwa diwani: Rangacharlu, Seshadri Iyer, Visvesvaraya (1912 hadi 1918), na Mirza Ismail (1926 hadi 1941), Mwislamu katika dola ya wafalme wa Kihindu. Baraza la Wawakilishi la Mysore lilianza 1881. Lilikuwa la kushauri tu, lakini watu walipata pa kusemea.

Sheria ya elimu ya msingi ya lazima ilikuja 1913, Chuo Kikuu cha Mysore 1916, na skuli ya uhandisi ya Bangalore 1917. Mwaka 1918 mfalme aliunda kamati ya Jaji Miller kutazama namna ya kuwapatia kazi za serikali watu wa matabaka yasiyokuwa Brahmin, yaani tabaka la juu la Kihindu. Visvesvaraya hakukubaliana na njia hiyo na akaacha uwaziri mwaka huohuo. Mfalme aliendelea nayo hata kwa gharama ya kumkosa waziri hodari kuliko wote, na kwa hilo anastahiki heshima. Skuli zisingekuwa na maana kubwa kama milango ya kazi ingebaki kwa kundi moja.

Mchambuzi Chake Chake

Maalim, yote kweli, ila tusiiruke miaka ya 1940 hadi 1990, kwani mpaka hapo hatujafika kwenye kompyuta.

Disemba 1940 tajiri Walchand Hirachand alianzisha kiwanda cha ndege, Hindustan Aircraft. Mysore iliingia ubia, ikatoa ardhi na rupia laki 25. Mwaka 1941 serikali ya India nayo ikanunua hisa, vita vikiwa vinataka karakana. Mwaka 1942 Taasisi ya Sayansi ikafungua idara ya uhandisi wa ndege, kwa sababu kiwanda kilikuwa jirani na kilihitaji watu. Baada ya uhuru serikali ya Delhi ikaweka hapohapo kiwanda cha simu (1948), cha zana za mashine (1953) na cha elektroniki za jeshi (1954), na baadaye makao ya shirika la anga za juu, ISRO. Hayo siyo ya wafalme. Delhi ilikuwa na miji mingi ya kuchagua. Bangalore ilikuwa mbali na mipaka, ina hewa ya wastani, na mafundi walikuwa tayari wapo.

Electronics City, eneo la viwanda vya elektroniki na kompyuta, ni kazi ya shirika la jimbo, KEONICS, lililotenga eka 332 mwishoni mwa miaka ya 1970. Kampuni ya programu ya Infosys ilizaliwa mji wa Pune 1981, ikahamia Bangalore 1983. Texas Instruments ya Marekani ilifika 1985 na kiungo chake cha setilaiti. Kwa hiyo kati ya laini ya Kolar na Texas Instruments pana miaka 83. Anayetaka Bengaluru ndani ya mpango wa miaka mitano hajaisoma kalenda hiyo.

Doa kubwa ni maji. Mji uko juu ya uwanda wa zaidi ya mita 900 na hauna mto mkubwa. Ulianza na bwawa la Hesaraghatta miaka ya 1890, ukaongeza Thippagondanahalli 1933, na tangu 1974 unavuta maji ya Kaveri kutoka kiasi cha kilomita 100, yakipandishwa kwa pampu mamia ya mita. Maziwa ya kuchimbwa yaliyokuwa yakinywesha ardhi mengi yamejengewa. Mwaka 2024 visima vilikauka, na mitaa mizima ikanunua maji ya magari.

Bweleo Kwetu

Shukran nyote. Suali moja: Sayyid Barghash naye alileta maji ya Chemchem kwa mabomba hadi mjini, akajenga Beit al-Ajaib 1883, akanunua na meli za mvuke. Ni zama zilezile. Mbona kwetu hayakuendelea?

Maalim wa Mkunazini

Tazama tarehe. Mwaka 1881 Waingereza waliwarudishia Wadiyar serikali yao, baada ya miaka 50 ya kutawaliwa na makamishna. Zanzibar ilikwenda njia ya kinyume: Barghash alifariki 1888, himaya ya Kiingereza ikaja 1890, na 1891 Lloyd Mathews akawekwa waziri wa kwanza. Hazina ikatoka mkononi mwa sultani. Mysore nayo ilikuwa chini ya Mwingereza na ikimlipa ushuru kila mwaka, lakini bajeti ilipangwa na diwani wake mwenyewe, kwa hiyo mradi wa mwaka huu ulizaa wa mwaka ujao.

Fundi wa Mtoni

Na kwa hiyo ardhi ya Unguja, kabla ya ramani ya majengo, pimeni maji. Kisiwa kinakunywa maji ya visima na chemchem, na kisima cha karibu na pwani kikivutwa kupita kiasi huingiwa na chumvi. Ikishaingia, kukipumzisha miezi michache hakutoshi. Fanyeni jaribio la pampu mwisho wa kiangazi, kabla ya masika, pampu ikienda mfululizo saa 24 au zaidi, huku mkipima kina na chumvi kila baada ya muda maalumu. Kiwango kitakachopatikana hapo ndicho kiamue idadi ya wanafunzi na ofisi. Wekeni na matangi ya mvua ya paa kwenye mchoro tangu mwanzo, maana kuyatafutia nafasi baada ya zege kumwagwa ni kubomoa.