Mkuu wa mchezo kanikatia jina la mhusika wangu, ati "si la anime"

Nimejaribu kulala na hili jambo nimeshindwa, kwa hivyo naandika. Mnisamehe nikipaza sauti.

Jumamosi tulikuwa barazani Kibokoni, Mombasa, watu sita na sinia moja la viazi karai, twaanza kampeni mpya, yaani hadithi ndefu ya kuchezwa kidogo kidogo. Mchezo ni Big Eyes, Small Mouth, ule wa mezani uliotoka Kanada 1997: kila mtu huigiza mhusika aliyejitungia, wa mtindo wa anime (katuni za Kijapani), mwenye alama za Mwili, Akili na Roho, na mkuu wa mchezo ndiye msimulizi na mwamuzi. Wanaoucheza wajua: hugusi dadu mpaka umjenge mtu wako kwanza, na huko kumjenga ndiko kwenye utamu. Mimi wangu nimemjenga wiki mbili. Wiki mbili nzima! Hata kwenye feri ya Likoni, watu wamebanana kama dagaa, mimi namuwazia yeye.

Aitwa Chausiku binti Kombo. Mpiga mbizi wa bandari ya kale. Kazaliwa usiku, ndiyo asili ya jina, na uwezo wake wapanda mwezi ukitoka, alfajiri unakatika. Babake ni fundi wa mashua, mzee mkali, yu hai, na hana habari bintiye huenda wapi watu wakilala.

Kasoro yake ni shaba, na hapa ndipo nilipojisifu kidogo. Nimeichota kwa Fumo Liyongo, yule asiyeingia mkuki wala mshale, mpaka mwanawe mwenyewe akamdunga sindano ya shaba kitovuni. Kwa sheria za mchezo, kasoro yakurudishia pointi, nami hizo pointi nikanunulia uwezo wa kukaa chini ya maji. Lakini sikuandika tu "udhaifu: shaba" nikaondoka. Niliandika kwamba kahawa hanunui barabarani, maana dele la muuza kahawa ni la shaba, na akisikia vikombe vinagonganishwa pale pembeni hubadilisha njia. Niliandika kwamba harusini haingii jikoni. Wenzake wamwona mwenye maringo, kumbe maskini aogopa sufuria.

Haya. Mkuu wa mchezo akachukua karatasi yangu, vidole bado vina ukwaju, akasoma mstari wa kwanza. Huo mmoja tu. Akatoa biro. "Hili si jina la anime, litatuvunjia hali." Chwaa! Chausiku akakatwa. Juu yake akaandika "Yoru". Na "binti Kombo" pia akapiga mstari, ati mambo ya baba hayahitajiki. Jamani, biro! Karatasi ya mhusika huandikwa kwa penseli kila mtu ajua, na haiandikwi na mtu mwingine wakati mwenyewe nimekaa hapo nimeshika kiazi.

Nikamuuliza, Yoru maana yake nini? "Lavuma vizuri."

Sasa ngojeni muone yaliyopita bila kuguswa. Mmoja kaleta pande la mtu, urefu mita 2, upanga mgongoni, kamwita Sakura. Sakura ni ua la mcheri, na aghalabu ni jina la msichana. Ukimchezesha hivyo kwa makusudi, poa, nitacheka na wewe. Huyu hakujua, aliliona mahali akalipenda. Likapita. Mwengine jina la ukoo kaliweka nyuma, na Wajapani hulitanguliza. Likapita. Na wote wanne, wallahi, wahusika ni mayatima. Wanne kwa wanne! Kijiji kilichomwa, nywele nyeupe zimefunika jicho moja, hasemi sana. Ukiuliza hula nini, kimya. Ukiuliza kabla ya kijiji kuchomwa alikuwa akifanya kazi gani, wakuangalia kama umewaudhi. Meza nzima hakuna mtu hata mmoja mwenye mama wa kumgombeza.

Mimi sina neno na majina ya Kijapani. Kampeni ingekuwa Kyoto, ningekaa chini nilitafute jina la huko kwa adabu zake. Lakini mji wa kampeni, alioutunga mwenyewe mkuu wa mchezo, una mibuyu, una majahazi, una pepo za kusi na kaskazi! Chausiku ndiye mgeni hapo?

Na hiyo "hali ya anime" anayoilinda, aliwahi kuichungulia ndani? Mchoraji Akira Toriyama alianza hadithi yake ya katuni, Dragon Ball, 1984. Jina la mashujaa wake Wasaiya limetoka kwenye yasai, yaani mboga. Ya-sai, sai-ya. Hicho ni kinyume, jamani! Kinyume hichihichi tulichokuwa tukisema utotoni wazee wasitufahamu, nyumba ikawa mbanyu. Kakarot ni karoti. Vegeta ni mboga vilevile, kwa Kiingereza. Na yule adui wa kutisha, Frieza, ni friza, ile ya kuwekea samaki. Mwenye anime yake kapiganisha karoti na friza dunia nzima ikatoa macho, hali haikuvunjika. Ikaja kuvunjwa na Chausiku, Kibokoni.

Sikubishana pale. Nilicheza mpaka magharibi nikiitwa Yoru, nikarusha dadu zangu mbili nikaenda zangu. Nyumbani ndipo nikafungua kamusi ya Kijapani kwenye simu.

Yoru ni usiku.

Someni tena kama hamjanielewa. Kafuta usiku kaandika usiku. Nilicheka peke yangu mpaka mamangu akaja mlangoni kuuliza kuna nini, halafu nikakasirika upya, zaidi ya mwanzo. Nimemtumia ujumbe. Kajibu: "Si ndiyo, basi ni sawasawa, washindania nini?"

Karatasi nimeiandika upya yote, safari hii kwa wino, pamoja na baba na dele la kahawa. Jumamosi hii siendi Kibokoni. Kama kuna meza kisiwani hapa au upande wa Likoni yenye nafasi ya mtu mmoja, dadu ninazo, na kachri za watu watano nitakuja nazo mimi. Mkiwa na mayatima zaidi ya wawili niambieni mapema.