MREJESHO: Malimao ndani ya kitalu nyumba, Dodoma

Wakuu, niliwauliza kama malimao ndani ya kitalu nyumba (banda la nailoni la kukuzia mimea) huku Hombolo yatanilipa. Sikujenga.

Mmoja wenu aliniuliza: "Unaukinga mti dhidi ya nini?" Wenzetu wa nchi za baridi wanaukinga dhidi ya barafu. Kwetu shida ni maji, mvua ni ya msimu mmoja tu. Halafu nikapiga hesabu ya nafasi. Kitalu cha mita 8 kwa 15 ni mita za mraba 120. Kwa nafasi ya mita 5 kwa 5, ni miche minne tu! Na mche uliobebeshwa (uliounganishwa kwenye shina la mche mwingine) unataka kama miaka 3 kuanza kuzaa vizuri, huku nailoni inachakaa kwa jua. Nyanya ndani ya kitalu sawa, unavuna ndani ya miezi michache.

Hela nimeziweka kwenye tenki na mipira ya kumwagilia kwa matone, miche 40 ya malimao nje. Inapendeza sana. Jana nimekuta viwavi kwenye majani machanga, wale wanaofanana na kinyesi cha ndege. Nimewatoa kwa mkono, mche kwa mche.

Asanteni sana, mmeniokolea mtaji.