Ukoo wa Bi Somoe, Mtanda Lindi: Zaituni kaingia pangoni

Zaituni: Asalaam aleykum ukoo. Wakubwa shikamooni. Leo niko Castleton, kijiji cha milimani mkoa wa Derbyshire, Uingereza, si mbali na Sheffield. Tumeingia pango la Treak Cliff. Picha zinakuja, mtandao ukikubali.

Mama Mwajuma: Waaleykum salaam, marahaba mwanangu. Pangoni tena? Shule imefungwa?

Zaituni: Mapumziko mama mdogo. Huku watu wanakata tiketi kuingia, na watoto wao.

Mjomba Hamisi: Wanalipa kuingia shimoni 😂 Sisi kwenye machimbo ya vito Tunduru tuliingia ili tulipwe, na mara nyingi hatukulipwa.

Issa: Dada, hivyo vinavyoning'inia juu ni barafu?

Zaituni: Mawe hayo. Mlima wote ni mawe ya chokaa. Mvua ikipita kwenye udongo inabeba hewa ya kaboni, maji yanakuwa makali kidogo, yanalilamba jiwe huku yakishuka. Yakifika kwenye dari la pango tone linaning'inia, hewa ile inatoka, chokaa inabaki pale pale. Tone juu ya tone. Yanayoshuka toka juu ni stalaktiti, yanayoota chini ni stalagmiti.

Issa: Hiyo ya tatu mbona kama ndege?

Zaituni: Ndiyo sifa ya pango! Wanaiita Korongo, kasimama mguu mmoja. Hakuna aliyechonga. Na ukutani kuna makombe na konokono wa bahari waliogeuka mawe, maana pale palikuwa bahari ya joto zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita.

Bibi Somoe: 🎤 *(Mwajuma ameandika)* Bibi anasema wewe Zaituni, pango haliingiwi bila hodi. Mlipiga hodi? Pango lina wenyewe. Anauliza pia umevaa sweta.

Zaituni: Nimevaa bibi. Mle ndani baridi ni ile ile, kiangazi na masika. Hodi nimepiga kimoyomoyo 🙏🏾

Baba Mdogo Bakari: Samahani kuwaingilia. Aliyechukua mashine yangu ya kupulizia salfa airudishe leo. Mikorosho inatoa maua, ubwiri unga, ugonjwa ule wa ukungu, haungoji mtu.

Mama Mwajuma: Iko kwa Shangazi, shemeji. Zaituni endelea.

Mjomba Hamisi: Nimeikuza picha ya tano. Huo mlango haukuchimbwa na maji. Huo ni wa nyundo na baruti. Walikuwa wanatafuta nini?

Zaituni: Mjomba una jicho! Ni mgodi. Kuna madini ya floraiti. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia waliyachimba kwa wingi kupeleka kwenye tanuru za chuma, yanasaidia uchafu kuyeyuka na kujitenga. Mwaka 1926 wachimbaji wakalipua mwamba, wakakuta upande wa pili pana uwazi. Kuingia na taa, ndiyo hayo mapambo yote mnayoyaona. Mwaka 1935 wakafungulia wageni.

Mjomba Hamisi: Wallahi. Mtu amepiga baruti anatafuta mshipa wa madini, anakutana na ukumbi. Mimi ningekimbia.

Zaituni: Na kuna floraiti nyingine ya thamani, inaitwa Blue John. Ina mistari ya zambarau na njano na nyeupe. Zamani walichonga majagi na mabakuli kwa ajili ya matajiri, sasa ni pete na hereni. Bado wanachimba kidogo kidogo kila mwaka, mle mle wanamopita wageni.

Mjomba Hamisi: Hiyo hawapigi baruti.

Zaituni: Umejuaje? Wanakata kwa msumeno wa mnyororo wenye meno ya almasi.

Mjomba Hamisi: Jiwe la rangi ukililipua unabaki na changarawe. Tunduru tulikuwa tunachekecha mchanga wa mto Muhuwesi kwa mikono, yakuti haitaki papara. Dalali akiona ufa tu, bei imekwisha. Halafu sioni matimba, magogo ya kushikilia mwamba, kwenye picha zako. Mwamba wao mgumu, wana bahati. Sisi kwenye duara, shimo la mgodi, usipoweka matimba, ardhi inakufunika.

Zaituni: Jirani kuna Speedwell, mgodi wa madini ya risasi. Walianza mwaka 1771, wakatoboa mlima na kupitisha maji ili wabebe mzigo kwa mashua. Risasi waliyoipata ilikuwa kiduchu, wenye mtaji wakala hasara. Leo watalii wanapandishwa mashua kwenye mfereji ule ule.

Mjomba Hamisi: Hapo ndipo waliponishinda. Shimo lililomfilisi mwenyewe linalisha kijiji! Sisi mashimo yetu tumewaachia nyoka na maji ya mvua.

Mama Mwajuma: Nani aje kutazama shimo lako la Tunduru, kaka?

Mjomba Hamisi: La Tunduru sawa, hapana. Ila Kilwa, milima ya Matumbi, kuna mapango ya Nang'oma. Chokaa hiyo hiyo, matone hayo hayo. Na Nandete iko huko huko, walikong'oa pamba mwaka 1905 Maji Maji ikaanza. Wazungu wana wachimbaji wa kusimulia, sisi tuna wapiganaji. Mimi nimezaliwa Lindi, nimezeeka, sijafika.

Baba Mdogo Bakari: Barabara je?

Mjomba Hamisi: Lami mpaka Njia Nne, halafu mnaingia kushoto kuelekea Kipatimu. Kiangazi panapitika. Masika usijaribu.

Issa: Na mimi!!

Bibi Somoe: 🎤 *(Mwajuma)* Bibi anasema mkienda mchukue mwenyeji wa pale atangulie, msijifanye mnajua. Na asiokote mtu jiwe.

Zaituni: Huku pia hawaruhusu kugusa, bibi. Mafuta ya mkono yakishika, chokaa haiendelei kukua pale.

Bibi Somoe: 🎤 *(Mwajuma)* Anasema basi wana adabu.

Mama Mwajuma: Haya, safari baada ya mauzo ya korosho. Naandika majina. Hamisi wa kwanza, unatoa mafuta ya gari.

Mjomba Hamisi: Nani kasema natoa mafuta?

Mama Mwajuma: Wazo lako, kaka. Bakari wa pili, unatoa gari.