MJADALA: Wanafunzi wapimwe kabla ya kukimbia mchana Mwanza, au tunawadekeza?

MwlMichezo_Buswelu
Wakuu, salaam. Hili limeninyima usingizi. Kwenye mchujo wa shule za sekondari, mita 3,000 wasichana zilikimbiwa saa saba mchana. Binti mmoja akaanza kuyumba mzunguko wa mwisho, akawa anaongea maneno yasiyoeleweka, akaanguka. Akawekwa kivulini, akapepewa kwa kanga, gari likasubiriwa. Amepona, Mungu ashukuriwe. Nauliza: kwa nini kusiwe na kanuni ya kupima joto la uwanja, na kuwapima watoto wenyewe, kabla hatujawaachia wakimbie? Kuna kipimo cha vipimajoto vitatu, na kile kilichovikwa kitambaa kibichi kinabeba asilimia 70 ya hesabu, kwa sababu hewa yenye unyevu haikaushi jasho. Sisi wa ziwani unyevu tunaujua.

NgwanaUkerewe
Mwalimu, watoto wa siku hizi wamelegea, basi. Njoo Ukerewe uone wavuvi wanavyovuta nyavu na jua linawaka, hakuna anayepimwa wala kupepewa. Na Mzee John Stephen Akhwari, mkimbiaji wetu wa Tanzania, Olimpiki ya Mexico 1968, goti limeumia, limefungwa bendeji, akamaliza maratoni. Nani alimpima?

Binti_wa_Igombe
Wavuvi gani hao kaka? Mimi nimekulia mwaloni, pale mitumbwi inapoleta samaki. Mvuvi wa dagaa anaingia ziwani usiku na taa zake, tena kwenye giza. Mbalamwezi ikiwaka haendi. Saa saba mchana amelala! Wanaobaki na jua ni akina mama, wanaanika dagaa na kuzigeuza mpaka zikauke. Hao hukuwataja.

NgwanaUkerewe
Dada, nimesema nyavu. Wa sangara je? Usinifundishe ziwa nililozaliwa katikati yake.

Mzee_wa_Kirumba
Wa sangara anatega jioni, anategua alfajiri. Mjukuu wangu, hata huyo anakwepa jua. Binti kasema kweli.

NgwanaUkerewe
Shikamoo mzee. Lakini wapo wanaochelewa kurudi, upepo ukigeuka wanapiga kasia mpaka mchana. Nimewaona kwa macho yangu.

Binti_wa_Igombe
Na akina mama bado hujawataja.

KochaMbulu
Mtaendelea na dagaa mpaka lini? Mmemgusa Mzee Akhwari, nami natoka kwao. Mexico City iko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, oksijeni haba. Misuli ilimbana njiani, kisha akaanguka wakati wakimbiaji wanagombania nafasi. Alimaliza wa 57, wa mwisho. Aliyeshinda ni Mamo Wolde, mtu wa nyanda za juu za Ethiopia. Yule mzee ni ushahidi wa kwa nini mwili upimwe mapema kwenye mazingira utakayokimbilia. Ninyi mnamfanya ushahidi wa kutopima!

NgwanaUkerewe
Hapo umemdharau mzee wa watu. Alisema nchi yake haikumtuma kuanza mbio, ilimtuma kumaliza. Dunia nzima inamheshimu, wewe unahesabu nafasi yake. Futa hiyo kauli.

KochaMbulu
Sifuti. Namheshimu kuliko wewe unayemtumia kama fimbo ya kuchapia watoto wa shule.

NesiNyegezi
Jamani, mtoto alikuwa anaongea yasiyoeleweka! Hakuna hata mmoja wenu aliyegusa hilo.

Misuli ikifanya kazi, kama robo tu ya nguvu inageuka mwendo, kubwa lililobaki ni joto. Joto hilo linatoka kwa jasho linalokauka, na jasho linalochuruzika tu halipoozi kitu. Joto la ndani likipita nyuzi 40 na akili ikaanza kuchanganyikiwa, hicho ni kiharusi cha joto, na anatakiwa apoozwe ndani ya nusu saa. Kipimajoto cha kwapani kinadanganya kwa mtu aliyetoka kukimbia. Mashindano ya dunia Doha 2019, maratoni ya wanawake ilianza karibu usiku wa manane, hakuna jua hata chembe, na bado walianza 68 wakamaliza 40. Baadhi ya wanariadha kule walimeza vidonge vyenye kipimajoto ili wataalamu wafuatilie joto lao la ndani. Wale ni magwiji. Watoto wetu wanashinda darasani, halafu siku moja tunawatoa juani wakimbie kwa nguvu zote. Mwili unahitaji wiki moja mpaka mbili za mazoezi ya joto, kidogo kidogo, ndipo damu iongezeke maji na jasho lianze mapema.

MwlMichezo_Buswelu
Vidonge hivyo hatutaviweza dada Nesi. Tufanye nini na tulicho nacho?

NesiNyegezi
Mizani. Mpime kabla na baada ya mazoezi, kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya jasho. Utamjua anayepoteza maji mengi. Ila usimlazimishe kunywa kupita kiasi, chumvi ya damu inashuka na hiyo nayo inaua. Na mbio ndefu ziwe saa moja asubuhi. Akianguka amechanganyikiwa, mzamishe kwenye maji ya barafu hapo hapo, gari baadaye. Kama hakuna pipa, mlaze kwenye turubai, watu wanyanyue pembe, mimina maji na barafu.

NgwanaUkerewe
Barafu ya kumzamisha mtu mzima shule itaitoa wapi? Mnaongea kama tuko Ulaya.

Mzee_wa_Kirumba
Mwaloni Kirumba. Barafu ya samaki ipo kila siku, na turubai hazikosekani.

NgwanaUkerewe
Sawa mzee. Ila kocha bado hajafuta kauli yake.

Binti_wa_Igombe
Wala wewe hujawataja akina mama.

MwlMichezo_Buswelu
Mzee, mfuko wa barafu ni bei gani siku hizi? Nataka niupeleke kwenye kikao cha wazazi pamoja na ratiba ya asubuhi.