Mafundi wa hewa: mnapiga dairekti swichi ya presha, halafu mnasaini kwamba imejaribiwa?

Wakuu, nimevumilia miezi minne. Leo niacheni niseme.

Mimi ni fundi wa matengenezo tu kwenye jengo, mfumo wa hewa sikuufunga mimi. Nilikabidhiwa na mkandarasi, na jina lake silitaji. Kuna feni ya kuingiza hewa inayozungushwa kwa mkanda, kuna filta kabla yake, na baada ya feni kuna hita ya umeme ndani ya dakti (bomba la hewa). Katikati ya yote hayo kuna swichi ya presha, kidude cha kutosha kiganjani: ndani kiwambo cha mpira, nje vichuchu viwili vya kuchomekea mirija, mmoja kutoka kabla ya feni na mwingine baada yake, nobu yenye namba za Paskali (kipimo cha presha) na nyaya tatu. Presha ya upande wa kujumlisha ikizidi ya upande wa kutoa kwa namba ya nobu, swichi inapitisha umeme. Kazi yake ni moja. Hewa isipotembea, hita isipate umeme.

Wiki iliyopita, usiku, mkanda ukakatika. Mota ikaendelea kuzunguka peke yake kama tiara iliyokatwa uzi. Kontakta, ile swichi ya sumaku inayopeleka umeme kwa mota, imevuta, paneli inaonyesha taa ya kijani, feni "iko kazini". Hita ikaendelea kupika hewa iliyosimama. Kilichotuokoa ni themostati ya usalama ya hita yenyewe, ile ambayo ikishakata lazima uende ukaibonyeze kwa mkono. Asubuhi nikapokewa na harufu ya vumbi lililoungua na dakti iliyobabuka rangi.

Nikafungua kifuniko cha swichi. Nini namkuta humo? Kipande cha waya mwekundu, urefu wa kidole, kimeunganisha waya wa kuingia na wa kutoka. Wamepiga dairekti! Swichi ipo ukutani, mirija ipo, kifuniko kimefungwa kwa skrubu zote mbili, na ndani haifanyi kazi yoyote. Mlinzi amevalishwa sare kisha akafungwa kitambaa machoni.

Sasa niwaeleze walivyofika huko, maana walikuja mara tatu na mara zote nilikuwepo.

Mara ya kwanza hita ilikuwa haiwaki kabisa. Fundi akaikuta mirija imegeuzwa, ya kuvuta imechomekwa kwenye alama ya kujumlisha na ya kusukuma kwenye kutoa. Akabadilisha, ikawaka, sawa. Lakini swichi ya filta iliyo kando yake, inayoonya filta ikiziba, ambayo nayo ilikuwa imegeuzwa, akakataa kuigusa. Eti kabla ya filta feni inavuta, kwa hiyo pale ni hasi, haiwezekani pakaenda kwenye alama ya kujumlisha. Nikamwambia bosi, swichi haijali kama pande zote mbili ni hasi, inalinganisha tu. Kabla ya filta ni hasi kidogo, baada ya filta ni hasi zaidi, kwa hiyo kabla ndiyo kujumlisha. Akanitazama kama ninayeuza mitishamba. Ile niliigeuza mwenyewe alipoondoka.

Mara ya pili: mchana hita inawaka, usiku inakata na alamu inalia. Wakasema swichi mbovu. Ilipimwaje? Aliichomoa mrija, akaipuliza kwa mdomo, haikumridhisha ilivyolia, basi mbovu. Jamani, pumzi ya mtu mzima hufika maelfu ya Paskali bila jasho! Swichi inafanya kazi kwenye makumi na mamia. Kuijaribu kwa mdomo ni kupima chumvi ya mboga kwa mizani ya magunia, na unaweza kukinyoosha kiwambo kikaharibika kweli. Wakaleta mpya. Hiyo mpya nitarudi kwake.

Mara ya tatu tatizo ni lile lile, usiku inakata. Fundi akazungusha nobu hadi mwisho wa chini, akasubiri, ikakata. Akaniambia niende nikamletee ngazi. Niliporudi kila kitu kinafanya kazi, alamu kimya, anakusanya bisibisi zake. "Imekubali." Sasa ndiyo najua ilikubali nini.

Baada ya tukio nikafanya walichotakiwa kufanya siku ya kwanza: nikapima. Sina vifaa vya ajabu. Nikachukua mrija mwangavu nikaukunja umbo la U, nikautia maji, ncha moja nikaiunga kabla ya feni, nyingine baada yake. Kila milimita ya tofauti ya maji ni karibu Paskali 10. Feni ikiwa kwenye hezi 50, maji yalitofautiana milimita 24 hivi, yaani kama Paskali 240. Usiku inveta (kifaa cha kubadili kasi ya mota) inaishusha hadi hezi 25. Nikaishusha: milimita 6. Paskali 60.

Umeona? Kasi imepungua nusu, presha imebaki robo. Presha hufuata mraba wa kasi, ndivyo feni zote zilivyo mradi njia ya hewa haijabadilika. Swichi ya kwanza ilikuwa imewekwa 150. Mchana 240 inapita, usiku 60 haipiti. Haikuwa mbovu! Ilikuwa inasema ukweli kuhusu namba waliyoiweka wenyewe.

Na ile mpya? Nikasoma kibandiko chake: 200 hadi 1000. Yaani hata ukizungusha nobu mpaka ing'oke, haishuki chini ya 200. Feni ya usiku inatoa 60. Wameleta swichi ambayo haingeweza kurekebishika hata na malaika, na ilipowashinda wakaikatia waya mwekundu. Kibandiko kiko usoni, kimeandikwa kwa namba, si mafumbo.

Haijaisha. Swichi ilikuwa imelazwa chali juu ya bodi ya feni. Namba za nobu zimepimwa kiwandani kiwambo kikiwa kimesimama wima. Ukiilaza, uzito wa kiwambo unaingia kwenye hesabu na namba inahama Paskali kumi na kitu. Kwenye 500 si neno, kwenye 40 ni balaa. Juu ya bodi ya feni pia inatetemeka, kwa hiyo ikikaribia namba yake inaanza kuwasha na kuzima kama kope. Vichuchu vilitazama juu, na mrija ulining'inia tumbo lenye maji ya mvuke. Maji hayo yakisimama yametofautiana kimo sentimita 2 tu, umeshadanganywa karibu Paskali 200. Weka wima, ukutani, vichuchu vitazame chini, mrija uelekee juu bila tumbo. Ni kazi ya nusu saa.

Nimeweka ya 20 hadi 300. Nikashusha feni hadi kasi ya chini kabisa inayoruhusiwa, nikasoma 60, nikaweka nobu 40. Hii yangu inapitisha umeme presha ikipanda hadi 40 na kukata ikishuka hadi 25 hivi, kwa hiyo usiku ina nafasi ya kupumua. Kwenye paneli nikaipa sekunde 45 za kusubiri feni ikiwaka ndipo ilalamike. Kisha nikavua mkanda, nikawasha mota. Hita ikakataa. Hilo ndilo jaribio, wakuu. Kuona hita ikiwaka si jaribio. Jaribio ni kuiona ikikataa.

Nimewaandikia wakandarasi na picha. Jibu: "swichi ilikuja na hitilafu ya kiwandani, waya uliwekwa kwa muda." Miezi minne ni muda gani? Na kwa nini haumo kwenye ripoti?

NYONGEZA: Naona mnaniuliza maswali, nijibu mawili. Aliyesema angetumia kontakti saidizi ya kontakta (kijiswichi kinachofuata kontakta ikivuta) badala ya swichi: ndugu yangu, soma tena habari ya mkanda. Kontakta inajua umeme umeenda kwa mota, ya hewa haijui.

Aliyeuliza kama swichi hii ingegundua dampa (kile kilango cha kufungia hewa ndani ya dakti) ikijifunga, umenishika pabaya. Isingegundua. Feni ikisukuma dhidi ya dampa iliyofungwa bado inajenga presha, pengine kubwa kuliko kawaida, na swichi iliyoungwa kabla na baada ya feni itaridhika kabisa huku hewa haitembei. Inathibitisha kwamba feni inazunguka, basi. Kwangu dampa ina swichi yake ya mwisho wa mwendo, inayothibitisha imefunguka, nimeiunga mfululizo na hii. Nilipokwenda kuiunga nikafungua kifuniko chake kwanza, mikono ikinitetemeka.

Hakukuwa na waya. Hiyo hawakuwa wameiunganisha kabisa.